Kusoma Kutoka Kushoto

Nilimaliza chuo cha ualimu bila kumwambia mtu kwamba naogopa kusimama mbele ya darasa. Kwa hiyo mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa Kudra, binti wa kaka yangu Abdu, naye aliniita Tantine, yaani shangazi. Ubao wetu ulikuwa mlango wa chuma wa nyumba yao, mtaa wa Buyenzi. Mwaka ule wa tisini na tano milio ya risasi ilitufikia kutoka kaskazini mwa mji karibu kila siku. Lakini Septemba ilikuwa inakuja, na Abdu alitaka bintiye aingie darasa la kwanza akijua kusoma.

"Mi nilisoma magari tu," aliniambia. "Huyu asome vitabu."

Nilianza na maneno mepesi: baba, mama, dada, kaka, lala. Niliyaandika kwa chaki silabi moja moja, nikiacha nafasi katikati. Kudra aliyasoma yote bila kosa, nami nikajisifu moyoni kwamba pengine ni mwalimu kweli.

Asubuhi moja Abdu alikuwa anakunywa chai, ameshavaa ovaroli. Gereji yake ilikuwa Cibitoke, upande uleule wa kaskazini. Mkewe, Khadidja, alikuwa amemsihi asiende, naye Abdu akasema barabara imefunguliwa na gerejini kuna minibasi ya watu inamsubiri aitengeneze breki. Nikaona nimpe Kudra neno jipya, ajue baba yake anakwenda wapi. Nikaandika mlangoni: ba ba ka zi.

Kudra akaweka kidole. "Zi... ka. Ba... ba." Akageuka anacheka kwa furaha. "Zika baba!"

Khadidja akaangusha kijiko. "Apana! We mutoto, nani amekufundisha ivo?"

Ndipo nilipoona kidole kilipoanzia. Kilianzia kulia. Kila alasiri Kudra alikwenda madrasa, na kule maalimu alimsomesha alifu na be za Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Baba, mama, lala, maneno yote niliyompa husomeka vilevile kutoka upande wowote. Muda wote ule alikuwa anasoma kinyume, na mimi nampigia makofi.

Abdu alicheka mpaka chai ikampalia, akanigeukia mimi mwalimu. "Eh, professeur! Ata chai sijamaliza, mushaanza kunizika?" Akamshika bintiye kidole, akakipeleka kushoto. "Ya maalimu, kule. Ya shule, huku. Musifute. Nikirudi jioni utanisomea muzuri, na mukoba wa shule nitakuja nao."

Alipotoka, Kudra hakutoka mlangoni. Alisoma kutwa nzima, hata jirani akampigia kelele kwamba sasa mtaa mzima umejua baba yake yuko kazini.

Magharibi alikuja Moubarak, fundi mwenzake Abdu, hana viatu. Risasi ziliwakuta wanafunga gereji, alisema. Wakakimbia pamoja, Abdu akaanguka karibu na daraja, na yeye hakuweza kurudi nyuma.

Barabara ikafungwa tena. Ilipofunguliwa, wanaume wa mtaani walikwenda kumtafuta wakarudi mikono mitupu. Waliokufa upande ule walikuwa wameshafukiwa pamoja, bila majina. Msikitini wakamsalia bila jeneza. Kila aliyekuja kutoa pole Khadidja alimwambia jambo moja tu: "Ata kumuzika sikumuzika."

Kudra aliacha kusoma. Nikimwandikia neno alifumba macho. Nilidhani ni huzuni, nikamwacha. Siku moja nikachukua kitambaa chenye maji nisafishe mlango, kwa sababu Khadidja hakuweza tena kuupita bila kulia. Kudra alipiga ukelele, akauegemea kwa mgongo.

"Tantine, apana! Alisema musifute!" Kisha sauti ikashuka. "Mi ndo nilisema azikwe. Nilisoma mubaya."

Nilipiga magoti, nikamkumbatia. Nilimwambia kwamba neno haliui mtu, na kwamba baba yake mwenyewe alicheka, si alimwona alivyocheka? Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa amekunja pindo la gauni langu kwenye ngumi.

Siku ya kwanza ya shule alivaa sare, mkononi ana mfuko wa nailoni wenye kalamu na daftari. Tulipofika mlangoni alisimama. Chaki ilikuwa imefifia, lakini bado ilionekana. Akaweka kidole kushoto.

"Ba. Ba. Ka. Zi. Baba kazi." Akaniangalia. "Nimesoma muzuri?"

"Muzuri sana."

"Sasa atarudi?"

Nyuma yetu Khadidja alijiziba mdomo kwa ushungi. Niliinama, nikamfunga kifungo cha sare. Kudra akasubiri. Halafu akadhani labda hakuanza mwanzo kabisa. Akakisogeza kidole kushoto zaidi, mpaka ukingoni mwa mlango pasipoandikwa kitu, akaanza upya.