Sindano ya Mjomba Hilario

Mjomba Hilario aliteleza gatini akiwa na gunia la mchele begani, akaangukia ubavu kwenye ukingo wa mtumbwi. Walipomfikisha zahanati alikuwa akihema kwa shida, midomo imeanza kugeuka bluu.

Zahanati ilikuwa na Nolbia peke yake, mpwa wa Mjomba, mwanafunzi wa udaktari mwaka wa nne. Chuo chao kiliwafundishia huku huku pwani ya Mosquitia, vijijini mwao, ili wakihitimu wasikimbilie mjini. Mwalimu wake, Daktari Evelio, alikuwa ng'ambo ya ziwa akichanja watoto.

"Niitieni daktari wa kweli," Mjomba alisema kwa tabu. "Huyu... nimemfuta kamasi mimi."

"Usiseme, Mjomba. Tunza pumzi."

Alimsikiliza kifua. Kulia hewa ilipita, kushoto kimya. Alipogonga kwa kidole, kushoto kulilia kama debe tupu. Mishipa ya shingo ilikuwa imetutumka, na koromeo limesukumwa upande.

Akaikimbilia redio, akaeleza.

"Wewe unadhani nini?" Daktari Evelio aliuliza.

"Hewa imenaswa nje ya pafu. Inambana hata moyo. Daktari, njoo!"

"Hata nikiruka sitamkuta hai. Sindano nene iko kabatini. Unaichoma wapi?"

"Chini ya mfupa wa mtulinga, katikati yake. Juu ya ubavu wa tatu."

"Kwa nini juu yake?"

"Mshipa wa damu unapita chini ya kila ubavu."

"Basi nenda."

Celfina, mke wa Mjomba, alimshika mkono. "Umewahi kuifanya hii?"

"Bado, mama."

"Si ungenidanganya tu!" Lakini akamwachia.

Mjomba alikuwa ameshafumba macho. Nolbia alihesabu mbavu kwa kidole, akapoteza hesabu, akaanza upya. Akachoma. Ngozi ikagoma, kisha ikakubali. Hakuna kitu. Akasukuma zaidi, jasho likimwingia machoni.

Fssss.

Kifua kikashuka. Mjomba akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho, akamtukana matusi ya wavuvi. Celfina akaangua kilio. Nolbia alishikilia sindano ile mpaka boti ikamfikisha Mjomba hospitali.

Mjomba alirudi amekonda. Wanafunzi wapya walipokuja, alikwenda zahanati mwenyewe, akavua shati.

"Haya, sikilizeni kifua hiki," akawaambia. "Lakini anayetaka kunichoma, aniambie kwanza."