Mlio wa Pili

Kalamu za mashine ziliruka juu ya karatasi kama panzi kwenye nyasi zilizoungua. Tak! kililia kidude sikioni mwa mwanangu, zikaruka. Tak! zikaruka tena, kimo kilekile. Gamaliel alikuwa amelala chali, nyaya zimebandikwa kichwani kwa gundi, machozi yakimtiririka.

Ilikuwa mwaka hamsini na saba, Bukoba, chumba cha nyuma cha zahanati. Daktari wa Kizungu alikuwa amekuja na mashine yake kwa meli, akiwatafuta wagonjwa wa akili kama mwanangu, apime jinsi umeme wa ubongo wao unavyopokea sauti. Sisi tulitoka Muleba kwa lori la kahawa. Nilikuwa nimechoka hata woga ulinishinda kuubeba.

"Sasa wewe, Mama Gamaliel," alisema Mwijage, dresa wa zahanati, msaidizi wa daktari. "Daktari anataka ubongo wa mtu mzima wa afya, alinganishe."

"Nyaya hizo hazitanitoa roho?"

"Jana nilimfunga nyaya daktari mwenyewe, mama waitu. Roho yake mbaya bado anayo."

Nikalala. Mlio wa kwanza ulinishtua. Wa pili ulinikuta nimeshauzoea. Baadaye Mwijage alinionyesha karatasi zetu. Yangu: mlima, halafu kichuguu. Ya Gamaliel: mlima, mlima, mlima.

"Wewe ubongo wako unafunga mlango," alisema. "Wake haufungi. Kila sauti inaingia kama ndiyo ya kwanza. Dawa daktari hana, bado anachunguza."

Nikakaa sakafuni.

Kwa sababu miezi mitatu nyuma, mwanangu alipoanza kuongea na wasioonekana, wazee wa usharika waliamua aimbiwe nyimbo za kumtoa pepo. Kila alasiri watu ishirini chumbani mwake, sauti zote nne. "Mama, wanyamazishe," alilia, "hata majani ya migomba yananipigia kelele." Akaziba masikio. Ni mimi niliyemshika mikono, nikaishusha, nikidhani pepo ndiye anayelikataa Neno. Ninyi mnaolea, nawaandikia kwa ajili ya hilo. Mtoto akisema kelele zinamuumiza, zinamuumiza. Msingoje mashine.

Tuliporudi nyumbani kesho yake, waimbaji walikuwa tayari uani. Mbele yao Mzee Aroni wa usharika, kaka wa marehemu mume wangu, na kitabu cha nyimbo.

"Shemeji, wamemwona huyo pepo kwenye karatasi?"

"Wameona amechoka. Rudini nyumbani."

"Kokuhirwa!" aliniita kwa jina langu. "Unaufukuza wimbo wa Mungu?"

"Mwimbieni Mungu kanisani, shemeji. Yeye ndiye anayetaka kuimbiwa. Mwanangu hataki."

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Aroni hakucheka. "Basi na Meza ya Bwana usiisogelee."

Miaka miwili sikuisogelea.

Gamaliel hakupona, nisiwadanganye. Ila alasiri ile alijinyoosha juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni, akalala usingizi ambao sikuwa nimeuona tangu mavuno. Nikakaa mlangoni, nikiwafukuza kuku kwa kupunga kanga, bila kutoa sauti.