Mjerumani wa Panevėžys

Kwa miaka kumi na mitatu Liudas Gervė alikuwa Mjerumani. Alikuwa mwigizaji, na studio za filamu za Moscow zilipotaka afisa wa Hitler mwenye shingo ndefu na uso usio na huruma, ziliandika barua Lithuania, naye akapanda treni. Alipigwa risasi katika filamu kumi na moja, na katika mbili alijirusha dirishani mwenyewe. Watu walimpenda. Aliyekataa kabisa kumtazama ni mmoja tu, mama yake, Bi Uršulė wa kijiji cha Upytė, ambaye kaka yake alichukuliwa wakati wa vita na Wajerumani wenyewe, si hao wa filamu. "Sikukuzaa uvae nguo zile," alimwambia mara moja, na hakurudia tena.

Kwa hiyo mwaka 1968, Teofilis, mwongozaji wa tamthilia katika mji wa Panevėžys kule Lithuania, alipompa nafasi ya kuigiza mkulima mwenye watoto sita, Liudas alifurahi hadi chakula kikamshinda. Akampelekea mama tiketi. Mama hakusema atakuja, wala hakusema haji.

Shida ni kwamba mwili wake ulikataa kulima. Mazoezini aliingia katika kibanda cha mkulima jukwaani kifua mbele, visigino vikigongana vyenyewe. Wenzake wakavunjika mbavu kwa kicheko.

"Liudas, ndugu yangu," Teofilis akamwuliza kwa upole, "umekuja kula au umekuja kutukamata?"

Akahangaika wiki nzima. Akainamisha mabega, akaburuta miguu, na kadiri alivyojitahidi ndivyo alivyozidi kuonekana Mjerumani aliyejificha kwa wakulima.

Siku ya onyesho la kwanza mama alikuwa safu ya tatu, kitambaa kichwani, mkoba mapajani. Liudas alipomwona akajua amekwisha. Akaketi mezani amekakamaa. Mwigizaji aliyekuwa mke wake akaleta mkate mweusi, sahani ikateleza, kipande kikaanguka sakafuni, jambo ambalo halikuandikwa popote. Liudas akainama, akakiokota, akakibusu, akakirudisha mezani. Hakuwa akiigiza. Alikuwa akifanya hivyo tangu alipojua kutembea, kama kila mtoto aliyelelewa nchi ile, ambako mkate ulioanguka huokotwa kwa heshima. Kuanzia hapo mabega yalishuka bila kuambiwa, na alicheza vizuri mno, asikudanganye mtu.

Baadaye mama alimfuata chumba cha kuvalia. Akampangusa poda shavuni kwa ncha ya kitambaa chake. Liudas alisubiri, moyo ukimwenda mbio kuliko siku zote alizopigwa risasi.

"Kesho mnacheza tena?" mama akauliza.

"Tunacheza, mama."

"Basi nitakuja na wanawake wote wa Upytė, wale waliokuwa wakinipa pole kwa ajili yako. Ila mwambie huyo mwenye mkate alete wa siku hiyo hiyo. Ule ulikuwa umekauka, nimeusikia ulivyoanguka."