Donati Nzima ya Limau

Mwaka ule Honi aliougua koo ndio mwaka dada yake aliofungua duka la donati, na mambo hayo mawili yakaenda sambamba kama majirani wasiosalimiana.

Jina la Honi alipewa utotoni kwa ajili ya sauti. Ukubwani akawa dalali wa mnada, mtu wa kusimama juu ya kreti na kunadi makabati ya watu tangu asubuhi, na akitamka "mara ya tatu" hata waliokuwa mtaa wa pili walijua kitu kimeshapata mwenyewe. Kisha ukaja uvimbe kooni. Madaktari wakaukata, wakamchoma mionzi wiki sita, na walipomaliza naye alibaki hai, ila sauti ilikuwa ya kukwaruza kama mlango wa bati, na koo limesahau kazi yake. Chakula kikawa kinapita kwenye mrija uliotiwa tumboni. Maziwa mazito ya kopo, mara tano kwa siku, yeye ameketi wima kitini, mkewe Mama Pacha ameinua bomba la sindano juu na kuyaacha yashuke taratibu.

Miezi kumi na minne hakutia tonge la maana kinywani.

Huko nyuma yeye ndiye aliyekuwa ulimi wa nyumba. Mama yao alipokuwa jikoni hakumwita mwingine. "Honi, njoo uonje." Naye alionja na kusema kweli bila kupepesa macho, hata pale dada yake wa miaka kumi na mitatu alipopika mchuzi wake wa kwanza akaambiwa una ladha ya sufuria. Dada alilia siku nzima. Jioni aliupika upya, na tangu hapo akaamini kwamba duniani kuna watu wanaosifu chakula, halafu kuna mdogo wake.

Kwa hiyo Dada alipoacha ukarani wa bima akiwa na miaka hamsini na miwili, watu wakisema amerukwa na akili, alikuwa amemhesabu Honi kama sehemu ya duka, sawa na karai na meza ya kukandia. Badala yake akafungua peke yake. Donati zake hazikuwa zile za kutupiwa kwenye mfuko wa karatasi. Zilikaa moja moja ndani ya kabati la kioo kama saa za mkononi: ya kahawa chungu, ya karanga na chumvi, ya chokoleti yenye pilipili inayokuja kwa nyuma ukishadhani umemaliza. Watu walipanga foleni hadi nje wakizimezea mate. Honi alikuwa anakaa kwenye kiti cha dirishani akiwatazama, na yeye hata hayo mate ya kumezea hakuwa nayo. Mionzi ilikuwa imeyakausha.

Kunusa alinusa. Dada alimletea kila aina mpya kwenye sahani, naye akaiinamia, akavuta pumzi, akasema, "Inanukia vizuri." Hilo ndilo neno lililomuuma Dada kuliko yote, kwa sababu lilikuwa la adabu.

Hospitalini alikuwepo mtaalamu wa kumeza, mwanamke mfupi mwenye saa kubwa ya kiume mkononi, asiyejua kubembeleza. "Koo ni misuli, kaka," alimwambia Honi siku ya kwanza. "Usipoifanyisha kazi inalala kabisa." Akampa mazoezi: kutoa ulimi na kuung'ata taratibu huku anameza, kushusha kidevu kifuani, kumeza kavu mara thelathini asubuhi na thelathini jioni. Akaanza na vipande vya barafu. Ikafuata mtindi, kijiko cha chai kimoja kimoja. Halafu viazi vya kuponda, halafu yai laini. Kila hatua ilikuwa na kupaliwa kwake, na machozi, na Mama Pacha akimsugua mgongo na kumwambia, "Kohoa, baba, kohoa, hakuna anayekufukuza."

"Na mkate?" Honi aliuliza siku moja.

"Mkate ni wa mwisho kabisa. Unaganda kooni. Wenye mate yao wenyewe wanapaliwa nao, sembuse wewe." Mtaalamu akafungua faili. "Lengo lako sikuliandika. Wengi huniambia nyama. Wewe unataka kula nini?"

"Donati."

Mtaalamu alimtazama kuona kama anafanya mzaha. Alipoona hafanyi, akaandika.

Honi hakumwambia mtu. Mazoezi ya thelathini akayafanya hamsini. Alimeza kavu akinyoa ndevu, akisubiri maji yachemke, akiwasikiliza pacha wake wawili wakigombania rula. Baada ya wiki tisa akapigwa picha za eksirei akimeza, mtaalamu akazitazama kwa muda mrefu, kisha akamwandikia karatasi: vyakula laini vya unga, vipande vidogo, maji kila baada ya tonge, asile akiwa peke yake.

Karatasi hiyo ndiyo aliyoingia nayo dukani Jumatatu iliyofuata, siku ambayo duka hufungwa na Dada hujaribu vitu vipya. Mama Pacha alikuwa nyuma yake na chupa ya maji. Ndani walimkuta Dada na fundi wa kukaanga, mwanamume mrefu asiye na maneno, wakiitazama sinia ya donati za limau kama wazazi wanaomtazama mtoto aliyefeli.

"Mara ya kumi na moja hii," Dada alisema bila salamu. "Fundi anasema nzuri. Wifi yangu atasema nzuri. Jirani wa duka la viatu alikula tatu akasema nzuri. Mimi najua kuna kitu hakipo, na sikijui. Naiacha."

"Nipe sahani," Honi akasema.

"Ukanuse?"

"Nikale."

Dada aliisoma karatasi, akaigeuza nyuma kana kwamba huko kungekuwa na maneno ya kuikanusha. "Hapana. Siwezi kukuua kwa mkono wangu, tena dukani kwangu."

"Wifi," Mama Pacha alisema kwa upole, "huyu mtu amemeza hewa miezi miwili kwa ajili ya hiki kitu. Ukimnyima atakula mlangoni, na huko hakuna kiti."

Fundi ndiye aliyevuta kiti. Honi akaketi, akanyoosha mgongo, akakata kipande kisichozidi kidole gumba, akakiweka ulimini.

Hakuonja kitu. Kilikuwa kama pamba. Alitafuna, akatafuna tena, akiwaza kwamba labda ulimi ulikufa pamoja na uvimbe na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia. Wazo hilo likamharakisha. Akameza kabla ya kushusha kidevu, na tonge likaenda kombo.

Kikohozi kilichokuja kilitikisa meza. Dada aliruka akaishika sahani aiondoe, uso umempauka. Honi, macho yakimtoka machozi, akaishika upande wa pili. Wakavutana nayo hivyo, watu wazima wawili, mpaka kikohozi kikatulia. Akanywa maji funda moja. Akasubiri. Mama Pacha alikuwa ameweka kiganja mgongoni kwake.

"Iache," Honi akamwambia dada yake. "Nilikosea mimi. Nilikimbilia."

Kipande cha pili alikilowesha kwanza. Safari hii uchachu ulimjia pembeni mwa ulimi, mdogo, kama mtu anayebisha hodi asiye na hakika ya nyumba. Kisha siagi. Kisha sukari, kwa mbali sana. Akashusha kidevu, akakaza koo kama alivyofundishwa, akameza. Akameza tena kusafisha njia. Kikashuka. Alikisikia kikishuka kifuani, kizito na chake mwenyewe, na akafumba macho.

"Basi?" Dada aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya yule wa miaka kumi na mitatu.

"Limau umeliweka kwenye sukari ya juu tu," Honi alisema. "Ukishailamba hiyo, chini kuna unga usio na habari. Kuna ndoa, lakini bibi harusi hajaambiwa. Maganda ya limau ungepaswa kuyakuna humo ndani, kwenye unga wenyewe, kabla hamira haijaumua. Na chumvi umeionea haya."

Fundi akaangalia sakafu.

Dada akaanza kucheka, kisha akawa analia, kisha vyote viwili, akajifuta kwa aproni iliyojaa unga mpaka uso ukawa mweupe. "Miezi kumi na minne," alisema, "watu wananiambia nzuri."

Alikanda upya jioni ileile, akauacha unga uumuke taratibu kwenye jokofu, na Jumanne alfajiri karai likawashwa. Alipofika Honi, donati ilikuwa inamngoja, bado na joto, vinukta vya njano vimetapakaa ndani yake. Alikula kwa dakika arobaini na tano. Tonge, kidevu, kumeza, maji. Wateja wa kwanza waliingia, wakanunua, wakaondoka, yeye yumo katikati ya donati. Mwanamke mmoja aliyekuwa anawahi kazini alimwambia Dada kwamba hajapata kuona mtu anayekiheshimu chakula namna ile. Mama Pacha aligeukia dirisha.

Alipomaliza, alikusanya chembe za sukari kwa ncha ya kidole, akailamba, akasukuma sahani mbele. Hakikubaki kitu. Dada alitoka nyuma ya kabati mbele ya foleni nzima, akamkumbatia mdogo wake, mtu mzima, kama mtoto wa shule.

"Sasa?" akamnong'oneza.

"Sasa hiyo ni donati," Honi alisema.

Kufikia saa nne, donati za limau zilikuwa zimekwisha, na kesho yake wakakaanga mara mbili. Mrija ulitolewa mwezi uliofuata. Ulitoka kwa sekunde chache tu, Honi akashangaa kitu kilichomtawala muda wote huo kuwa chepesi hivyo mkononi mwa nesi. Jumatatu zikawa zake. Katika ile ya kwanza aliihukumu donati ya kahawa, iliyokuwa ikiuzwa tangu siku ya ufunguzi, akasema imeungua na watu wanaila kwa adabu tu. Dada akamjibu kwamba ulimi wake bado mgonjwa. Wakabishana hadi mchana, fundi akiwakaangia za kulinganisha, na Honi akala vipande saba.