Mtoto wa Kiume wa Marehemu Dekow

Jua lilipokaribia kuzama, Hinda Dekow alifagia mbele ya nyumba yake mtaani Galbet, Garissa, akaweka kiti cha plastiki kwenye kivuli, akajaza maji jagi kubwa. Aliwafungia mbuzi wa jirani nje ya ua, maana hawana haya, kisha akangoja. Baba yake alifika kama kawaida. Alikuwa amekufa miaka kadhaa nyuma, kwa kiu, katika nyika ya huko Tarbaj, akimtafuta ngamia wake jike aliyeitwa Hodo. Aliketi, akanywa jagi lote kwa mkupuo mmoja, akajifuta ndevu, akauliza kama Hodo amepatikana.

"Bado, aabo," Hinda alisema.

"Haya. Kesho, insha'Allah."

Akainuka, akaenda zake. Majirani walimsalimia njiani naye akawaitikia mmoja mmoja, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu tangu alipokuwa hai.

Galbet haikushangaa. Watu wanajua kwamba marehemu aliyekufa na kiu humwendea anayempa maji, na humkumbuka huyo peke yake. Hinda alikuwa mtoto wake wa pekee. Mzee Dekow alitamani sana mtoto wa kiume wa kulibeba jina lake na kufuata ngamia wake, na enzi za uhai wake alilisema hilo mara nyingi mbele ya binti yake, bila nia mbaya. Hinda alikuwa akimsikiliza huku anakoroga chai. Maneno kama hayo hayana nia mbaya, lakini yanauma vile vile.

Lile swali la kila jioni ndilo lililozaa kampuni. Hinda alichoka kujibu "bado". Akaanza kuwapigia simu akina mama wanaouza maziwa ya ngamia, ambao hawakosekani penye kisima wala penye soko, kuanzia Tarbaj mpaka Ifo. Wanawake hao humwona kila mnyama anayekuja kunywa na huijua chapa ya kila ukoo kwenye shingo na paja lake. Mfugaji aliyepotelewa alimpigia Hinda, akamweleza chapa na kisima cha mwisho, Hinda akawapigia akina mama, mnyama akaonekana. Hodo hakuonekana, lakini wengine wengi walirudi nyumbani. Kazi hiyo akaiita Baadi, kama Wasomali wanavyomwita mnyama aliyepotea.

Ndipo akaja Mustaf Nunow. Alikuwa amesoma Nairobi na alivaa viatu ambavyo vumbi la Garissa halikuvishika. Baba yake, mzee Nunow, aliuza mabati karibu na soko, mtu mwenye afya na kitambi cha kuheshimika.

"Abaayo, dada yangu, wewe najua ngamia," Mustaf alimwambia Hinda. "Mimi najua watu wa Nairobi. Tukishikana mkono, hii kitu itakuwa kubwa."

Hinda alimwamini. Aliyelelewa kwenye nyika huamini upesi, kwa sababu huko mtu akikudanganya kuhusu kisima, unakufa, na kwa hiyo watu hawadanganyani.

Wakapata nafasi kwenye mashindano ya kampuni changa, Nairobi. Kabla ya kupanda jukwaani walifundishwa na mwanamke mmoja mchangamfu aitwaye Ciku. "Watu wangu, sikizeni," Ciku aliwaambia. "Mwenye pesa hanunui kazi yako. Ananunua kidonda chako. Niambie, ni nini kilikuuma wewe, wewe mwenyewe, mpaka ukaanzisha hii kitu?" Washiriki walikuwa na vidonda vizuri. Mmoja alimpoteza mama kwa kukosa gari la wagonjwa, mwingine alisomea gizani utoto wake wote, na kila kidonda kilikuwa kimeshapata jina la kampuni. Mustaf aliyakagua maisha yake yote, hakuona hata mkwaruzo.

Hinda aliketi ukumbini, safu za katikati, kwa sababu walikubaliana kwamba Mustaf ndiye msemaji. Mustaf akashika kipaza sauti.

"Baba yangu alikufa kwa kiu," alisema, "akimtafuta ngamia wake."

Akaendelea. Akasimulia jinsi ndala za baba yake zilivyokutwa chini ya kichaka, zimepangwa pamoja kama za mtu aliyeingia msikitini. Hinda alikuwa amemsimulia jambo hilo mtu mmoja tu duniani, ndani ya basi, siku iliyotangulia. Ukumbi ulilia. Ciku alilia. Hinda hakulia, alimchukia Mustaf palepale, chuki iliyotulia kama maji ya mtungini, na hakuona haja ya kujizuia.

Walishinda. Wenye pesa walitaka kushughulika na mwenye kidonda, kwa hiyo kampuni iliandikishwa kwa jina la Mustaf peke yake. Namba ya simu ikahamia kwenye ofisi yenye kiyoyozi mjini Garissa, na simu ya Hinda ikanyamaza. Alimfuata Mustaf ofisini.

"Ile ni hadithi tu, abaayo," Mustaf alisema. "Hadithi ya kampuni. Baba yako ameshakufa. Anapungukiwa nini?"

Hinda aliitazama chupa ya maji iliyokuwa mezani, akaondoka bila kuaga. Mkuki kwa nguruwe, alijisemea. Tuone kwa binadamu.

Jioni hiyo hakujaza jagi. Baba yake aliketi, akalitazama, akamtazama yeye.

"Aabo, umepata mtoto wa kiume," Hinda alisema.

"Nani?"

"Mustaf. Amekutaja wewe baba yake, mbele ya watu, Nairobi. Ukumbi mzima amesikia."

Aliyekufa kwa kiu hana machozi, lakini uso wa mzee ulilainika, na Hinda alikuwa hajawahi kuuona ukilainika hivyo kwa ajili yake. "Mtoto wa kiume," alisema. "Yeye naishi wapi?"

"Nyuma ya msikiti, geti ya buluu. Ako na tangi kubwa ya maji."

"Na maji ya leo?"

"Mwanao atakupa."

Mzee aliinuka haraka, bila kuuliza habari za Hodo. Hinda alimtazama mgongo mpaka akapinda kona. Hakugeuka hata mara moja. Hinda aliumia, na papo hapo alifurahi, na kati ya mawili hayo furaha ndiyo iliyokuwa kubwa.

Mlinzi wa geti la buluu alikuwa Morris, mtu wa bara, mpole, msomaji wa Biblia. Mzee akamuuliza kama hapo ni kwa Mustaf Dekow. Morris akasema hapo ni kwa Mustaf Nunow. "Dekow," mzee alimsahihisha. "Amesema mwenyewe." Akafunguliwa. Hakuna geti Garissa analofungiwa mzee anayeomba maji.

Alikunywa tangi. Lilipoletwa boza la maji, alishika mpira akanywa boza. Akanywa chai ya kwenye thamosi, maziwa ya mtoto, maji ya birika la kutawadhia, na maji ya rejeta ya gari, akasema haya ya mwisho yana ladha ya chuma. Kisha akajifuta ndevu na kuuliza kama Hodo amepatikana. Mustaf akauliza Hodo ni nani. Mzee akasema mtoto wa kiume hulijua jina la ngamia wa baba yake, akamtoa nje kesho yake saa sita mchana aende nyikani kumtafuta.

Mustaf alimpeleka mtoni Tana, mto ukiwa umejaa. Mzee alisimama ukingoni, mikono nyuma. "Hii maji ni ya kila mtu," alisema. "Mimi nataka ya mwanangu." Wakarudi nyumbani.

Mustaf akawaendea wazee wa mtaa. Msemaji wao, Abdifatah, alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema jambo lenyewe ni jepesi. Mtu hupewa baba na Mungu, lakini akimtaja mwingine mbele ya mashahidi, basi amemtaja. Kuna njia mbili za kutoka. Mustaf asimame mbele ya wale waliomsikia na aseme alidanganya. Au binti wa damu ataje jina la baba yake mbele yao, na hapo mzee atamrudia, kwa kuwa damu ikisema, maneno hunyamaza. Akaongeza kwamba kwa vyovyote vile Mustaf hakufanya vizuri, kwa sababu baba yake wa kwanza alikuwa mtu mzuri.

Mzee Nunow alisikia kwamba amekufa kwa kiu, akasema alhamdulillahi, hata hivyo. Aliendelea kuuza mabati, ila Mustaf alipoingia dukani alimtajia bei kama mteja mwingine yeyote. Mamake Mustaf, kwa kutokuwa na hakika, alianza kukaa eda. Mke wa Mustaf alivumilia mpaka siku alipooga kwa soda, akamchukua mtoto akaenda kwao. Kila maji Mustaf aliyoyashika yakawa yake, na mzee akayanywa kwanza, hata midomo ikampasuka. Alitayamamu kwa mchanga, katika mji wenye mto.

Na Baadi ilinawiri. Picha za Mustaf nyikani jua la utosini, amekonda, akifuata nyayo za ngamia wa baba yake, zilisambaa kila mahali. Wenye pesa walisema hawajapata kuona mwanzilishi anayeliishi tatizo lake namna ile.

Hatimaye alikwenda kwa Hinda, ambaye siku hizo aliuza maziwa sokoni kama mwanamke yeyote. Alisimama mbele ya vibuyu vyake, sauti imekauka.

"Abaayo, mchukue mzee."

"Mzee gani?"

"Wageni wa Nairobi nakuja wiki ijayo, wale wale. Wewe njoo, utaje jina lako tu. Mimi nitawaambia wewe ni dada yangu. Kila mtu anapata yake."

"Na Baadi?"

Mustaf aliangalia chini. "Baadi ni yangu sasa, abaayo. Tuseme ukweli."

"Basi useme huko kwao," Hinda alisema. "Pale pale ulipodanganya, useme baba ni ya nani na kazi ni ya nani. Nitamchukua siku hiyo hiyo."

"Nitapoteza kila kitu, walahi."

"Basi mpe maji."

Alimpimia mteja mwingine. Mustaf alibaki amesimama akiyatazama maziwa yakimiminwa, akimeza mate ambayo hakuwa nayo.

Wageni walikuja, hema likafungwa kwenye uwanja, na Ciku akawa mshereheshaji. Marehemu Dekow aliketi mbele, kikoi kipya kiunoni, wageni wakimpa mikono na kusema ni heshima kubwa. Akina mama wa maziwa walisimama nyuma, na Hinda kati yao. Alikuja kwa sababu alitaka kumwona baba yake. Ni jambo la kweli na halina ubaya, nami nalisema kwa sababu baadaye watu walisema alikuja kwa shari tu. Tangu ile jioni ya jagi tupu alikuwa hajaisikia sauti yake, na nyumba ilikuwa imenyamaza magharibi kama nyumba ya mtu mwingine.

Ciku alimuuliza mzee, kwenye kipaza sauti, ni nani aliyeanzisha kazi hii. Marehemu hasemi uongo; husema alichoambiwa. "Mwanangu," mzee alijibu. "Mungu amenipa mtoto mmoja tu, Mustaf." Makofi yakapigwa. Hinda alisikia kitu kikidondoka kifuani mwake, akajua ni yeye mwenyewe aliyekifungua kamba.

Mzee aliposhuka, alipita kati ya akina mama akiwasalimia mmoja mmoja, kwa adabu yake. Alipofika kwa Hinda alisimama. Alimtazama kwa muda, kama anayejaribu kukumbuka kisima alichowahi kunywa.

"Wewe, mama," alisema. "Binti ya nani?"

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa mzee. Hema lote lilisikia swali, na wale wale wa Nairobi walikuwa wamegeuka kutazama. Mustaf alikuja mbio, akasimama nyuma ya mzee, midomo imepasuka, macho yakimwomba. Akitaja jina moja tu, baba atarudi nyumbani kwake, atakaa kwenye kiti cha plastiki, atamuuliza habari za Hodo. Na Mustaf usiku huo atakunywa maji, atalala, ataamka mwenye Baadi na mwenye kila kitu, amepona.

Hinda alimpenda sana baba yake. Alimtazama usoni wakati akijibu.

"Mimi Hinda Nunow," alisema.

Mzee akainamisha kichwa kwa heshima. "Namjua. Mtu ya mabati. Mtu mzuri." Akamgeukia mwanawe, akamwambia ana kiu.

Mustaf alikwenda kutafuta maji. Wageni walitia sahihi mkataba mpya alasiri hiyo bila yeye, jina lake likiwa tayari limeshachapwa. Hinda alipita dukani kwa mzee Nunow kumwamkia, kama inavyompasa binti, akamkuta anafunga duka. Mzee alikuwa ameshapata habari kwamba amepata binti. Alimsogezea kiti, akamimina maji kwenye gilasi akampa, naye Hinda akayanywa polepole, mpaka tone la mwisho, na hayakumkwama.