Ukoo wa Sina

Wewe ukiulizwa ukoo wako, unajibu nini? Athanasie wa Mwamkulu aliulizwa siku ya kujaza fomu za uraia, akajibu kama mama yake alivyomfundisha mwaka ule wa kukimbia Burundi: "Sina." Karani akaandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa. Kitambulisho kikatoka ATHANASIE NYANDWI SINA. Watoto wakawa kina Sina, na wajukuu pia.

Nyumba ya ukoo ya Wachina ilifika Mpanda mwezi wa nane, ikakaa mtaa wa zamani karibu na stesheni, katikati ya duka la dawa na mashine ya kusaga. Ilikuwa na vigae vya kijani vilivyopinda pembeni, kizingiti cha kufika magotini, na simba wawili wa mawe waliokula pumba za mashine. Mtunzaji wake, Mzee Tan, marehemu wa siku nyingi, alieleza kwamba kule bandarini kwao wenye ukoo waliacha kuja. Hekalu la jirani lilibaki, lina watalii.

Mtendaji wa mtaa akataka aonyeshwe kibali cha ujenzi. Hakikuwepo. Akachora X nyekundu ukutani: kubomoa Jumamosi, saa sita mchana.

Mzee Tan alimchongea kila marehemu wa mjini kibao cha jina la ukoo, akakiweka rafuni penye ubani. Mwenye kibao anaingia, anakaa, anapewa chai. Wenyeji walitangulia: Wabende walipata rafu yao, Wakonongo yao. Restituta, jirani yake Athanasie, alilalamika kwamba babu yake anamaliza sukari.

Jumatatu akafika Nyandwi, baba yake Athanasie, aliyeuawa Burundi mwaka sabini na mbili. Alisimama nje ya kizingiti, kofia mkononi. Hakuingia.

"Ukoo gani?" Mzee Tan akauliza.

Athanasie akatoa kitambulisho. Mzee akamwonyesha rafu ya chini: vibao arobaini na moja, vyote SINA.

"Ukoo mkubwa huu, mama. Mnatushinda Wachina."

"Hawa hata hawajuani."

"Basi kakirekebishe kitambulisho."

Athanasie alienda ofisi ya vitambulisho mara tatu. Walitaka cheti cha kuzaliwa cha baba.

"Yupo pale kwenye mashine, kamuulizeni nyie wenyewe."

"Mama, sisi tunahitaji cheti."

Jumamosi, saa sita kasorobo, katapila likawashwa. Simba wakaacha pumba, wakarudi mlangoni. Mzee Tan alimaliza kibao cha arobaini na mbili: SINA, maana ndivyo kitambulisho kinavyosema. Nyandwi akainua mguu, akaushusha.

"Anasubiri kuitwa," Restituta akasema.

"Mama, naondoka na nyumba," alisema Mzee Tan. "Kwa mara ya mwisho, ukoo gani?"

Athanasie akageuka kwanza kuangalia nani anasikia, kama alivyogeuka maisha yake yote. Mtendaji alikuwepo, na dereva wa katapila, na watu wa mashine na ndoo zao. Mama yake alisema: wakikujua ukoo, wanakujua wewe. Akakaza kitenge mabegani.

"Abahanza," alisema. "Baba, pita ndani. Sisi ni Abahanza."