Mtani Halali wa Mwalimu Bwanali

"Mimi, Yoeli mwana wa Nikolao, mtani halali wa nyumba hii kwa haki niliyoachiwa na mababu, natangaza mbele ya wazee, akina mama na kuku wote waliohudhuria kwamba mkeka huu nimeuteka! Mwenye msiba hataukalia tena mpaka aniombe radhi kwa magoti!"

Nilipofika kwenye "magoti" sauti yangu, ambayo mwaka ule ilikuwa bado haijaamua kama ni ya mtoto au ya mtu mzima, ikapasuka. Nikalia kama mlango wa bweni. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilikuwa nimevaa sufuria kichwani na koti la Mwalimu Bwanali nililoligeuza ndani nje. Mwalimu mwenyewe alikuwa amesimama kando, hana koti, hana mkeka, akitabasamu tabasamu la mtu ambaye haruhusiwi kukasirika.

Na kweli hakuruhusiwa. Siku ya kuanua matanga, mtani hufanya atakalo. Humwigiza mfiwa anavyolia, huficha viatu vyake, hukalia chakula. Mfiwa huvumilia, maana kumkasirikia mtani ni aibu kuliko utani wenyewe. Kwa ajili ya sheria hiyo moja nilikuwa nimepanda na gari la shule kutoka Masasi mpaka Mkunya, huku juu Newala, nikiwa na uso wa majonzi niliokuwa nimeufanyia mazoezi mbele ya kioo cha bwenini.

Watu walidhani nachekesha. Mimi nilikuwa vitani.

Vita ilianza darasani, kwenye mada ya utamaduni. Mwalimu Bwanali alitufundisha Uraia, na alikuwa na kipaji cha kufundisha kwa mifano. Siku hiyo mfano ulikuwa mimi. Alitusimamisha mmoja mmoja tusalimie kwa lugha ya nyumbani. Wenzangu wakasalimia kwa Kimakonde, kwa Kimakua, kwa Kiyao. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Shikamoo, mwalimu."

"Hiyo ya wote. Ya kwenu?"

"Nyumbani tunaongea Kiswahili, mwalimu."

"Kwenu ni wapi?"

"Masasi. Karibu na stendi."

"Stendi ni mahali pa kupita, Yoeli. Sijauliza unapitia wapi." Darasa likacheka. "Haya, jando ulikwenda?"

"Nilikwenda, mwalimu. Hospitali."

"Ukafundishwa nyimbo gani?"

Nikafikiri kwa uaminifu. "Nesi alikuwa anasikiliza redio."

Nadhani hata ukuta ulicheka. Mwalimu alisubiri kelele zitulie, akageukia ubao. "Andikeni. Mtoto hupokea utamaduni kutoka kwa watu wake, na kwa huo hujijua yeye ni nani. Asipoupokea, mnamwona hapa. Huyu hana kwao."

Wakaandika. Kwenye mtihani wa mwezi lilikuja swali lililotaka mfano wa mtu aliyekosa malezi ya jamii yake. Nusu ya darasa waliniandika mimi, na wote wakapata maksi.

Hayo ningeyasamehe. Mimi mwenyewe nimewapachika watu majina mabaya zaidi. Nililibeba jina la Hanakwao kama mtu anavyobeba shati la kuazima, nikalicheza na kulichekea, mpaka siku ya wazazi.

Mama alikuja na gauni lake la kanisani, na korosho alizokaanga mwenyewe. Tulikuwa tumekaa chini ya ukuta wa bwalo alipopita mtoto wa kidato cha kwanza, mpole, mwenye heshima zote, ambaye hajawahi kunisikia nikiitwa kwa jina jingine. Akasimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama Hanakwao."

Yule mtoto hakuwa na ubaya wowote. Ndiyo maana lilichoma. Mama alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaitika, "Marahaba, mwanangu." Kisha akaendelea kunimenyea korosho moja baada ya nyingine, akizipanga kwenye kiganja changu, bila kuuliza lolote. Alipoondoka aliniacha na kiganja kimejaa, nami sikuweza kula hata moja. Siku hiyo niliacha kucheka na Mwalimu Bwanali. Nikaanza kumsubiri.

Mama yake alipofariki, Mungu anisamehe, nilisikia tangazo pale mstarini nikahisi mlango umefunguliwa. Nikaazima simu ya mlinzi, nikampigia baba mdogo Isaka huko Lukuledi.

"Baba mdogo, watu wa Mwalimu Bwanali wa Mkunya unawajua?"

"Hao? Hao watani wetu kabisa! Babu yako aliwahi kulala kaburini kwao, akakataa kutoka mpaka wakampa jogoo. Kwa nini?"

"Nataka kwenda kuwapa pole," nikasema.

Ndivyo nilivyojikuta nimesimama na sufuria kichwani, nimekanyaga mkeka. Rafiki yangu Optatus, aliyetumwa pamoja nami kuwawakilisha wanafunzi msibani, alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Wazee walinisifu: kijana wa siku hizi, tena wa mjini, anajua utani! Nikaona wamelainika. Nikatoa kile nilichokipandia mlima.

Niliweka mikono nyuma, nikainua kidevu, nikatembea kama yeye anavyotembea mbele ya ubao.

"Bwanali, simama vizuri! Kwenu ni wapi?"

Akaingia kwenye mchezo, maskini, kama inavyompasa mfiwa. "Kwetu ni hapa, mtani."

"Hapa kwa nani?"

"Hapa kwa mama."

"Mama yako yuko wapi?"

Kicheko kilikatika. Nikaugeukia umati, nikanyoosha kidole kama nimeshika chaki.

"Basi andikeni. Huyu hana kwao."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Bwanali, mtu mzima, baba wa watoto, mdomo wake wa chini ulianza kutetemeka. Akajifunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kupanda na kushuka. Nilimtazama vizuri. Nilitaka nisisahau chochote.

"Wewe mtoto," ikasema sauti nyuma yangu. "Vua sufuria yangu."

Alikuwa Bibi Pili, mdogo wa marehemu. Nikavua. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Watani nimewaona tangu sijaota meno. Hutukana huku wanacheka. Wewe hujacheka hata mara moja tangu uingie. Nani kakwambia u mtani wetu?"

"Baba mdogo. Isaka wa Lukuledi."

"Isaka ni mtani wetu, namjua, mwizi wa kuku. Na mama yako?"

"Anaitwa Ethel. Watu wake wa Chiwata."

"Sijauliza wanakaa wapi. Ukoo gani?"

Nilikuwa nalijua jina lile kwa sababu mama hulitaja akijikwaa. Nikalitaja.

Akina mama waliokuwa jikoni wakashika vinywa. Mwanamke mmoja aliweka mwiko chini. Bibi Pili alinisogelea, akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku kama anayechagua nazi sokoni.

"Utani huo ni wa baba yako, mwachie baba yako. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ukoo ulioutaja ndio wangu. Ndio wa dada yangu tuliyemzika. Na huyu uliyemliza ni mjomba wako."

Mjomba. Nilitafuta pa kuangalia, sikupata. Mtani anaweza kumvua mtu koti. Mpwa hamjibu mjomba wake hata kwa kukohoa.

Optatus, ambaye hawezi kunyamaza mtu akionewa, akasema kutoka nyuma, "Lakini bibi, hilo la hana kwao alianza mwalimu. Shule nzima tunamwita hivyo. Hata mama yake aliamkiwa kwa jina hilo."

Bibi Pili akageuka. "Bwanali?"

Mwalimu alishusha viganja. Uso ulikuwa umelowa. Alinitazama kama siku ile darasani, ila safari hii hakuwa na chaki wala darasa.

"Ni kweli, mama mdogo. Nilimuuliza lugha. Nilimuuliza nyimbo." Akafuta uso kwa kiganja. "Sikumuuliza mama yake ni nani."

Bibi Pili hakutukemea. Alitukalisha wote wawili kwenye ule mkeka, bega kwa bega, kama inavyotakiwa watu wa nyumba moja, ili wageni watupe mikono. Wakapita. "Pole, Baba Sophia," wanamwambia mwalimu. Kisha wananifikia mimi, wanasita. "Na huyu?"

"Mpwa wangu," anajibu kila mara, akiangalia chini.

"Pole, mwanangu." Nikaitika. Nilikuwa napokea pole ya bibi ambaye matanga yake nilikuja kuyafanyia mzaha.

Mstari ulipopungua, alisema bila kunigeukia, "Yale maswali. Ulikuwa umeyapanga?"

Ningeweza kusema ulimi uliteleza. Kwa kudanganya nina sifa bweni zima.

"Niliyapanga tangu siku ya wazazi, mjomba. Kifo cha bibi nilikifurahia kwa sababu ya hayo. Na ulipolia, nilifurahi."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anavyofanya darasani mtu akitoa jibu ambalo hakulitegemea lakini ni sahihi. Kisha akajisogeza ukingoni mwa mkeka, nikapata nafasi ya kukunja miguu.

Nikakunja. Sikumshukuru, kama mtu asivyoshukuru kwa kukaa kwao.